Maharage Tisini na Manne

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia kichwani nacheka peke yangu, halafu kabla kicheko hakijaisha najikuta natazama chini kama mtu aliyefumaniwa. Wewe unaniona na mvi hizi, unadhani nilizaliwa nazo. Sikuzaliwa nazo. Nadhani chache za kwanza zilianza kuota siku hiyo, pale Pasiansi, juu ya jiwe, katikati ya injini ya pikipiki niliyokuwa nimeivuruga mwenyewe.

Lakini ngoja nianze nyuma kidogo, usije ukachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, kila mtu Mwanza anauza kitu. Pikipiki za Kijapani zilikuwa zinaingia kila wiki, na mimi nilikuwa fundi kwenye gereji moja ndogo ya Mirongo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, elimu yangu darasa la saba, na ovaroli ya mtumba iliyoandikwa mgongoni maneno ya nchi nisiyoijua. Ufundi niliuweza, sijisifu. Tatizo langu lilikuwa ndoto. Nilikuwa nafunga nati huku kichwani nimeshavuka Sudani, naingia Misri na pikipiki yangu, watu wananipungia mikono. Nati zenyewe zilikuwa na bahati zikifungwa vizuri.

Basi akaja gereji mzee mmoja mrefu, kofia ameishika mkononi kama yuko kanisani. Mzee Mutalemwa, Mhaya, mstaafu wa idara ya mifugo aliyeishi Pasiansi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Nimeambiwa wewe ndiye unayesikiliza pikipiki kwanza kabla ya kuifungua."

Sifa hiyo, mwanangu, ilinipanda kichwani moja kwa moja.

"Ndiyo mzee."

"Na za Kiingereza unazijua? Za zamani?"

"Ndiyo mzee."

Sikuwa nimewahi kugusa hata moja. Usiniulize kwa nini nilisema ndiyo, maana hata mimi nilijiuliza njia nzima. Kwetu tulilelewa hivyo: mkubwa akisema, unaitikia. Humfanyi mtu mzima arudie maneno yake, ni kama kumwambia hajui kusema. Ndiyo yangu haikuwa uongo wa kutaka kumwibia. Ilikuwa adabu. Adabu iliyochanganyika na ujinga kidogo, na Misri kidogo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa chini ya kibanda cha bati, imeegemea magunia ya mkaa. Nyeusi, silinda mbili zimesimama kama ndugu wanaopigwa picha. Gia zake zilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na zote nilizozijua, na hapo tu kichwa kilianza kunizunguka. Mzee aliinunua kwa daktari wa ng'ombe, Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Akaiendesha miaka na miaka, Magu, Kwimba, Misungwi, anachanja mifugo ya watu. Ilikuwa imekaa kimya miaka kumi na mmoja. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, hawezi tena kushika kitu kidogo.

Mkewe, Mama Koku, alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, anaona mwanga na vivuli basi. Akanielekezea uso.

"Wewe ndiye fundi? Karibu mwanangu. Itengeneze, mimi nimechoka kushtuliwa ndani ya nyumba yangu."

"Kushtuliwa na nini, mama?"

"Na huyu. Zamani nilikuwa namsikia tangu yuko kule darajani. Nikimsikia nabandika maji ya kuoga. Akifika, yako tayari. Siku hizi anaingia kwa miguu kama mwizi wa kuku. Nashtukia tu mtu anakohoa sebuleni."

Mzee akacheka, lakini aliponipeleka pembeni hakuwa anacheka tena. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameanza kupita mitaani na mikokoteni, kila wiki wanaulizia ile pikipiki. Akaniambia, "Nimempa mama ahadi. Ikinguruma kabla ya Pasaka, inabaki. Isiponguruma, waichukue. Sitaki kuiona inaoza mbele ya mlango wangu."

"Ndiyo mzee."

Halafu akavuta kigoda akaanza kunieleza. Alikuwa mtu wa taratibu, neno moja leo, la pili kesho. Alinieleza habari za nati zinazopimwa kwa inchi, habari za mafuta yanavyopanda na kushuka, habari za gia zinazoendesha vali na alama zake. Nilimfuata sentensi ya kwanza. Ya pili nilimfuata kwa mbali. Ya tatu nilikuwa nimeshapotea, nikawa naangalia ziwa nyuma ya bega lake, mimi na ile pikipiki tuko njiani, vumbi nyuma yetu. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, niliweka ndiyo mzee. Huenda zilifika thelathini. Mwishoni akanitazama kidogo, kama anayetaka kuuliza kitu, halafu akainuka.

Kazi ikaanza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa bapa, haya mawe yetu ya Mwanza yanayoingia mpaka uani kwa watu. Nikatandika shuka kuukuu, nikashusha injini. Nati ya kwanza niliiharibu kwa spana yangu ya Kijapani, ikazunguka juu ya kona zake mpaka ikawa duara. Mama Koku akasikia ule mkwaruzo. Akaingia ndani kwa kupapasa, akatoka na furushi la kanga. Ndani yake spana za inchi, zimepakwa mafuta, zimelala kwa mpangilio. Nikashukuru nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaendelea.

Mambo mengi yalikwenda vizuri. Nilisaga vali, nikabadilisha ringi za pistoni, nikakata gasketi kwa boksi gumu la viatu. Siku moja wale wadudu wa ziwani wakaja kama moshi, wakatua kwenye kila kilichokuwa na grisi, nikakaa mchana kutwa nawaondoa kwa mafuta ya taa. Hata hilo nililifanya naimba.

Kisha nikafika kwenye gia za vali.

Hapa nisikilize vizuri, ni jambo jepesi. Kuna gia ndogo chini inayozungushwa na injini. Juu kuna mbili kubwa zinazofungua na kufunga vali. Na kuna moja ya katikati inayozigusa zote. Kila gia ina nukta imegongwa kwenye chuma. Ukizipanga, nukta zinatazamana, na hapo vali zinajua wakati wake wa kufunguka. Hata mtoto angeweza. Nikapanga, nukta kwa nukta, nikapiga mluzi.

Halafu, ili nijiridhishe, nikazungusha injini mara mbili kwa mkono.

Nukta hazikutazamana.

Nikazungusha tena mara mbili. Hazikutazamana, na sasa zilikuwa zimeachana zaidi. Nikasema nimekosea. Nikachomoa gia, nikapanga upya, nukta kwa nukta, nikazungusha. Zimeachana! Nikachomoa. Nikapanga. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Siku ya tatu nilikuwa nakula ugali huku nimeikodolea macho ile gia ya katikati, tonge linapita pembeni ya mdomo. Kwenye pikipiki nilizozizoea ukizungusha mara mbili alama zinarudi nyumbani. Hizi zilikuwa zinakwenda wapi? Nilifikiria hata mambo ya kienyeji. Cheka tu.

Nikamwendea mwenzangu wa gereji, Sospeta, mtu wa maneno.

"Za Waingereza hizo, bwana," akasema. "Gia wameweka kulia, breki kushoto, utaamini nukta zao? Hizo ni urembo. Panga kwa macho."

"Kwa macho vipi?"

"Kwa macho! Au umekuja nikuazime na macho?"

Nikaenda nikapanga kwa macho. Nikaazima rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, nikaweka alama zangu mwenyewe mahali nilipoona panafaa. Nikazungusha mara mbili. Na zenyewe zikaachana. Alama zangu mwenyewe, mwanangu, nilizozipaka kwa mkono wangu, zilinikimbia! Nikakaa chini. Nilikuwa sijui tena lipi nililipanga mimi na lipi lilijipanga. Nikachukua kifuniko nikakifunga haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango ili asione fujo iliyoko chumbani.

Mzee akapita na kofia yake. "Alama zilikubali?"

"Ndiyo mzee."

Basi ndipo tunaifikia ile Jumamosi. Pasaka ilikuwa imebaki wiki moja. Mama Koku alivaa gauni lake la kanisani na kilemba, akaletewa kiti mlangoni. Mzee akasimama kando ya tangi, mkono mmoja juu yake kama anamshika ng'ombe asiyemwamini. Mimi nikapanda, nikapiga kiki.

Kimya.

Nikapiga ya pili. Injini ikapiga chafya, moto ukatoka kwenye karabureta, kiki ikanirudi ikanigonga muundi mpaka nikaona nyota mchana. Mama Koku akauliza, "Ndiyo yenyewe?" Nikapiga ya tatu kwa hasira, na humo ndani kikalia kitu: *tak*. Kidogo tu. Lakini kama ulivyosikia, mimi nilikuwa fundi wa kusikiliza.

Nikafungua juu ya injini. Moja ya zile fimbo nyembamba zinazosukuma vali ilikuwa imepinda kama mundu. Fimbo kama hiyo ungeipata wapi Mwanza? Ungeipata wapi Tanzania? Nikaiweka kwenye kiganja nikamwonyesha mzee. Akaitazama. Akavaa kofia yake, jambo ambalo hakulifanya akiwa kwake.

"Basi," akasema. "Mama, Jumatatu wale wa mkokoteni wakipita, waambie waingie."

Akatembea mpaka getini, akasimama kule ametupa mgongo.

Nilitaka kukusanya vyombo vyangu niondoke. Mama Koku akasema, "Mwanangu, njoo hapa. Kaa chini."

Nikakaa sakafuni, karibu na miguu yake.

"Siku ile mzee alipokueleza habari za zile alama, ulielewa au uliitikia tu?"

Nikafungua mdomo, na unajua neno lililokuja? Ndiyo mama. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Halafu sijui nini kilinipata, mtu mzima na ndevu zangu tatu, machozi yakaanza kushuka juu ya grisi.

"Niliitikia tu, mama. Sikuelewa hata kimoja. Na pikipiki za Kiingereza sijawahi kuzigusa. Na alama hazikukubali, nimezipanga mara nyingi zinaachana, nimepaka rangi ya kucha, sijui, mama, sijui kitu."

"Rangi ya kucha?"

"Ndiyo mama."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Mama Koku akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Baba Koku!" akaita. "Njoo usikie, pikipiki yako imepakwa kucha!"

Mzee akarudi, hacheki. Nikayarudia yote mbele yake, nimeinama. Nilitegemea anifukuze. Alivuta kile kigoda chake, akakaa, akavua kofia.

"Kijana, umenipa ndiyo nyingi sana. Ningefurahi zaidi kama ungenipa sijui moja." Akakohoa. "Na mimi nina langu. Siku ile niliona macho yako yako ziwani. Niliona hujanielewa. Nikataka kukuuliza, nikaona nitakuaibisha, fundi wa watu. Nikaondoka. Kwa hiyo ile fimbo tumeipinda wawili."

Halafu akanieleza upya, na safari hii nilimkatiza kila sentensi. Hapo sijakupata, mzee. Rudia mzee. Nionyeshe mzee. Akasema kwamba meno ya ile gia ya katikati hayalingani kwa idadi na ya wenzake, yamefanywa hivyo makusudi ili meno yaleyale yasigongane kila mara na kulika. Ndiyo maana ukishapanga nukta zikatazamana, ukizungusha zitaachana, na zitazunguka sana kabla hazijakutana tena. "Zipange mara moja, uziache. Usizifuate."

"Zinazunguka mara ngapi, mzee?"

"Hapo na mimi sijui. Yule daktari aliniambia ni nyingi. Nikamwitikia."

Tukatazamana. Mama Koku akasema, "Mmeona sasa? Leteni maharage tuhesabu."

Lakini fimbo kwanza. Mzee alishusha ukutani picha yao ya harusi, akatoa kioo chake. Tukawa tunaiviringisha fimbo juu ya kioo, tunaona inaporuka, tunaipeleka kwenye jiwe la kusagia la Mama Koku, tunaigonga polepole kwa mti wa mchi, tunairudisha kwenye kioo. Gonga, viringisha. Gonga, viringisha. Mpaka ikapita juu ya kioo bila kuruka.

Nikafuta rangi ya kucha. Nikapanga nukta kwa nukta, vilevile kabisa kama nilivyozipanga siku ya kwanza. Halafu tukahesabu. Mimi nazungusha injini kwa spana, mzee amevaa miwani anatazama nukta, Mama Koku ana ungo wa maharage magotini na bakuli pembeni. Mzunguko mmoja, harage moja kwenye bakuli. Thelathini. Arobaini. Nukta zinapishana, zinakaribiana, zinadanganya, zinapita.

"Hamsini na mbili," akasema mzee.

"Hamsini na moja," nikasema mimi.

"Zungusha, mnanipigia kelele," akasema Mama Koku. "Tutayahesabu yenyewe."

Jasho linanitoka, mkono unauma, nikaanza tena kuona wasiwasi kwamba nimepotea. Halafu mzee akanishika bega. Akanyoosha kidole.

Nukta zote zilikuwa zinatazamana, kana kwamba hazijawahi kuachana.

Tuliyamwaga maharage kwenye shuka, tukayahesabu. Tisini na manne. Mama Koku akasema, "Miaka yote naambiwa zinakutana, sijawahi kuziona." Nikamshika mkono nikapeleka kidole chake kwenye zile nukta, akazipapasa moja moja. Akatikisa kichwa, akafuta grisi kwenye ovaroli yangu.

Jua lilikuwa linaelekea ziwani nilipopiga kiki. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikaguna. Ya tatu, mwanangu, ikanguruma. Kuku walikimbia, magunia ya mkaa yalitetemeka. Mzee aliniambia nishuke. Nikamwambia mzee, mikono yako. Akasema, "Ikishaanza kwenda na yenyewe inatetemeka, hakuna atakayejua." Akapanda, akatoka getini taratibu, akapotea.

Tukabaki mimi na Mama Koku na ukimya. Nilianza kuhesabu tena, safari hii bila maharage. Hakuna mlio. Nikawa nasema moyoni, imezima, ameanguka, nimemuua mzee wa watu. Nilitaka kukimbia barabarani. Mama Koku akainua kidole.

"Yuko darajani."

Mimi sikusikia kitu. Mimi, fundi wa kusikiliza, sikusikia kitu kabisa. Lakini yeye alikuwa ameshainuka, anapapasa ukuta kwenda jikoni, na nikasikia sufuria ikigonga mafiga. Anabandika maji ya kuoga.

Maharage tuliyala usiku ule, yale tisini na manne na wenzake. Wale wa mkokoteni walipopita Jumatatu walikuta pikipiki imefungiwa kanga ya Mama Koku kwenye tangi, wakaenda zao.

Sasa ninachotaka kukuambia, mwanangu, ni hiki. Ukielezwa jambo na mkubwa wako ukawa hujaelewa, mwambie siku hiyohiyo. Mwambie kwa heshima zako zote, shikamoo yako iwepo, lakini mwambie: hapo sijakupata, naomba unirudie. Hutakuwa umemvunjia heshima. Mimi nilimheshimu Mzee Mutalemwa kwa ndiyo nyingi, na karibu nimpotezee pikipiki yake. Na siku ukiwa wewe ndiye mkubwa unayeeleza, ukaona macho ya kijana yako ziwani, usimwonee haya ukaondoka. Muulize. Mwambie akuonyeshe kwa mikono yake.

Kuna jambo la pili, na hili sina hakika nalo mpaka leo. Mara ya kwanza kabisa nilikuwa nimezipanga vizuri. Nilibomoa kilicho sawa, tena na tena, kwa sababu hakikuonekana sawa baada ya mizunguko miwili. Sasa mtu atajuaje kama alikosea, au kama ni bado tu? Nimelifikiria miaka yote hii. Sijui. Unaona nimesema sijui, na sijafa. Ninachojua ni kwamba palikuwa na mtu wa kuulizwa, hatua kumi kutoka kwenye jiwe langu, na sikumuuliza.

Mungu akupe watu watakaokuuliza mara ya pili, mwanangu, na akupe ulimi wa kuwajibu kweli. Akulinde barabarani uendako, hata kama ni Misri. Na jioni unaporudi, awepo mtu nyumbani anayeujua mlio wako tangu uko mbali, akupokee na maji ya moto.